Kesha la Mahashivaratri na Kijana wa Tankara

Katika sikukuu za Wahindu iko moja isiyo ya karamu. Huitwa Mahashivaratri, maana yake usiku mkuu wa Shiva, nayo huangukia mwezi wa Februari au Machi, usiku wa kumi na nne wa mwezi unaopungua, wakati giza linapokaribia kuwa totoro. Mchana watu hufunga, usiku hawalali. Usiku wote umegawanywa zamu nne, na katika kila zamu jiwe la Shiva liitwalo linga huoshwa kwa maji, maziwa, mtindi, samli na asali, kisha huwekewa majani ya mti uitwao bilva, ambayo huota matatumatatu katika kikonyo kimoja. Nao hulitaja jina la Shiva tena na tena mpaka kupambazuke.

Asili ya majani hayo waieleza kwa kisa cha mwindaji, nami katika hadithi zao sijaona iliyo nzuri kuliko hii. Mtu huyo alikosa nyama mchana kutwa, na watoto wake wana njaa. Jioni akapanda mti wa bilva karibu na maji, asijue ya kuwa chini yake pana linga. Akaja paa jike. Alipovuta upinde, majani yakapukutika na maji ya kibuyu chake yakamwagika juu ya lile jiwe. Paa akamsihi, “Niache niende nikawaage watoto wangu, nami nitarudi.” Akamwacha. Akaja wa pili, na wa tatu, kila mmoja na ahadi yake. Kabla ya mapambazuko wote wakarudi, wala hapana aliyevunja neno lake. Basi yule mwindaji akaona haya kuwapiga, akaushusha upinde; na Shiva akamhesabia kuwa amekesha na kufunga, ingawa hakukusudia.

Lakini kesha lililoleta mambo makubwa katika Bara Hindi ni la mtoto mmoja wa mji wa Tankara, katika nchi ya Gujarat, aliyezaliwa mwaka 1824. Jina lake la utoto lilikuwa Mul Shankar. Baba yake alikuwa Brahmani, mtu mkali katika ibada ya Shiva. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka kumi na minne, baba akamwamuru afunge na kukesha. Mama alikataa, akiogopa kwamba mtoto ataugua, lakini hakusikilizwa.

Wakaenda hekaluni. Usiku ulipoendelea makuhani wakatoka nje wakalala. Halafu baba naye akasinzia. Akabaki kijana peke yake, kwa maana alikuwa ameambiwa ya kuwa alalaye hupoteza thawabu yote. Mara panya wakatoka mashimoni, wakapanda juu ya jiwe, wakaila sadaka iliyowekwa. Kijana akastaajabu: je, huyu ndiye mwenye enzi ya ulimwengu, naye hawezi kumfukuza panya? Akamwamsha baba yake, akamwuliza. Majibu ya baba hayakumtosha. Akaomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Akapewa askari wa kumsindikiza, na amri kwamba asifungue. Alipofika, mama akampa vitu vitamu, akala, akalala usingizi mzito. Asubuhi baba alipojua, alikasirika sana.

Baadaye dada yake alikufa kwa kipindupindu, na amu yake aliyempenda akafa pia. Mwaka 1846, alipoona anatayarishiwa ndoa, akakimbia nyumbani, akatangatanga miaka mingi akitafuta walimu, akaitwa Dayananda. Mwalimu wake mkuu, aliyemkuta Mathura mwaka 1860, alikuwa kipofu. Mwaka 1869 akahojiana hadharani na wanazuoni wa Kashi juu ya sanamu, akidai kwamba vitabu vya kale viitwavyo Veda haviamuru ziabudiwe. Mwaka 1875 akaanzisha huko Bombay chama cha Arya Samaj. Akafa Ajmer mwaka 1883.

Wahindi waliovuka bahari walikuja na chama hicho, kikaanzishwa Nairobi mwaka 1903. Wafuasi wake hawamwagi maziwa juu ya jiwe. Sikukuu ile ifikapo huwasha moto, hutia samli humo wakisoma maneno ya Veda, na kuukumbuka usiku huo kuwa ni usiku wa kuzinduka kwa Dayananda.