Kilwa Kisiwani: Habari za Mawe ya Kale

Msafiri ashikaye njia ya pwani kutoka Nangurukuru hufika Kilwa Masoko, na ng'ambo ya maji hukiona Kisiwa cha Kilwa. Kisiwa hiki ni kidogo, lakini zamani sifa zake zilivuma hata Uarabuni, kwa maana dhahabu ya Sofala ilipitia hapo. Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Vipawa, kwa ukarimu wake. Ndiye aliyejenga jumba la Husuni Kubwa kwa mawe ya matumbawe.

Julai 1505 wakaja Wareno wa Francisco de Almeida. Mapadre wakashuka na misalaba miwili, wakiimba Te Deum. Na sala ilipokwisha, mji ukaporwa. Haitupasi sisi, tuuheshimuo msalaba, kulificha neno hili. Mwaka 1512 Wareno waliiacha ngome yao, wakaenda zao.

Tangu mwaka 1981 magofu hayo yamo katika Urithi wa Dunia, lakini mawimbi hula kingo za kisiwa. Basi, enyi walimu, mkiwapeleka watoto kuyaona, wasimulieni yote mawili: ukarimu wa mwenyeji na unyang'anyi wa mgeni.