Mchiriku wa Jagwa na Ngoma za Pwani

Katika mwaka 2012 kampuni ya Crammed Discs ya Brussels, nchini Ubelgiji, ilitoa albamu iitwayo Bongo Hotheads, ya kwanza ya Jagwa Music kuuzwa katika soko la ulimwengu, ingawa kundi hilo, lililoasisiwa Mwananyamala, Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1990, lilikuwa limekwisha kukesha vichochoroni likipiga mchiriku kwa miaka ishirini hivi. Waandishi wa Ulaya, waliposikia kasi ya muziki ule na sauti ya mwimbaji Jackson Kazimoto, waliufananisha na panki, muziki wa vijana wa London na New York wa miaka ya 1970 waliokataa kuambiwa ya kwamba asiye na elimu ya muziki wala ala za thamani hana haki ya kupanda jukwaani.

Mfano huo una ukweli wake. Ala za mchiriku ni haba: kinanda kidogo cha Casio, cha namna wanunuliwayo watoto, kilichounganishwa na spika za pembe hata mlio wake ukakwaruza kwa kuelemewa, ngoma za kienyeji, na kigoda cha mbao kitwangwacho kwa vijiti viwili. Nyimbo zake husimulia dhiki ya mjini, mapenzi yenye hadaa, dawa za kulevya na maradhi. Na kwa kuwa redio aghalabu haikuupa nafasi, mchiriku ulienea kwa kanda na kwa sherehe za mitaani, ilhali waliojihesabu waungwana wakiuita muziki wa wahuni.

Lakini panki ilizaliwa kwa kuwapa wazee kisogo, na mchiriku haukufanya hivyo kamwe. Asili yake ni ngoma za Wazaramo, mdundiko na mnanda na jamaa zake, zipigwazo mwari atolewapo ndani, kijana atokapo jandoni, au bibi arusi aozwapo. Na Wazaramo ni majirani wa Wandengereko wa Kibiti na Warufiji wa bonde na delta, walioozana nao na kukaa nao mitaa mimoja huko Temeke na Mbagala, kwani Barabara ya Kilwa, iliyopeleka mjini mikeka na samaki wakavu, ilipeleka pia watu pamoja na ada zao. Kwa sababu hiyo msikilizaji wa Nyamisati, hapo wapandiapo vyombo vya kwenda Mafia, hahitaji mfano wa London ili aufahamu muziki huu: humo kinanda ni mgeni, na ngoma ndiye mwenyeji.

Taksiri haikuwa ya Wabelgiji waliouthamini, bali yetu tuliongoja hata hakimu wa ghaibu atoe hukumu. Mjukuu wa mchiriku, singeli, naye alitambulishwa ughaibuni mwaka 2017 kwa albamu Sounds of Sisso, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala.

Basi, ewe msomaji wa Kibiti, Ikwiriri au Mbwera, ikiwa sandukuni mwako imesalia kanda ya mchiriku au ya ngoma za unyago, usiitupe. Na maafisa utamaduni wa wilaya zetu nawawafikie wapigaji wazee, wawarekodi kwa majina yao, wangali hai.