Kukodi Jembe, Kuuza Shamba: Programu za Kibiashara na Bajeti ya Anga za Juu Marekani

Hoja kwamba serikali yenye bajeti finyu inunue programu iliyokwisha kutengenezwa, badala ya kujitengenezea yake, si ngeni, na kwa sehemu kubwa ni ya kweli. Hadi miaka ya 1980, miradi mingi ya setilaiti nchini Marekani ilikuwa na waandishi wake wa programu: wa kukokotoa obiti, wa kutafuta saa ambazo chombo kitaonekana na kituo cha ardhini, wa kuchora njia yake juu ya ramani. Mradi ukiisha, kazi yao iliwekwa kabatini, na mradi uliofuata ukaanza upya. Mwaka 1989 wahandisi watatu waliotoka kitengo cha anga cha General Electric walianzisha kampuni ya Analytical Graphics huko Pennsylvania na kuuza programu moja, STK, ambayo ofisi yoyote ingeweza kuinunua. Vita Baridi vilipokwisha na fungu la ulinzi likaanza kunywea, hesabu ilikuwa nyepesi: kanuni za Kepler ni zilezile kila ofisini, basi kwa nini mlipa kodi azilipie mara kumi?

Sina ugomvi na hesabu hiyo. Ninachokipinga ni tabia ya kuihamisha kimyakimya kutoka kwenye chombo cha kazi hadi kwenye kile kinachofanyiwa kazi. Mkulima anayekodi jembe hajapungukiwa na kitu. Anayeuza shamba kwa kuwa jembe la kukodi ni rahisi atakuja kulijutia jembe lenyewe. Katika taaluma ya taarifa za kijiografia, programu ndiyo jembe. Shamba ni hazina ya picha na vipimo vilivyokusanywa mwaka baada ya mwaka.

Marekani ilikwisha kuliuza shamba hilo mara moja. Setilaiti ya kwanza ya mfululizo wa Landsat ilirushwa mwaka 1972. Mwaka 1984 Bunge lilipitisha sheria ya kuifanya huduma hiyo iwe ya kibiashara, na mwaka uliofuata kampuni ya EOSAT ikakabidhiwa uendeshaji na uuzaji wa picha. Nia ilikuwa kuipunguzia hazina mzigo. Bei ya picha moja ikapanda hadi takriban dola 4,400, kiasi ambacho vyuo vikuu vingi, hata vya Marekani kwenyewe, havikukimudu. Serikali haikupata nafuu iliyoitarajia, kwa sababu mnunuzi mkubwa wa picha hizo alikuwa serikali yenyewe. Ilikuwa ikilipa nauli kwenye basi lake.

Hasara kubwa zaidi haikuonekana kwenye daftari la mwaka wowote wa fedha. Mwendeshaji wa kibiashara hupiga picha pale penye mnunuzi. Setilaiti ilipita juu ya Afrika Mashariki kwa ratiba yake ya kila siku 16, lakini hakukuwa na mteja aliyeagiza, kwa hiyo mara nyingi hakikuhifadhiwa kitu. Lazima niseme kwamba biashara haikuwa kisababishi pekee: Landsat 5 haikuwa na kinasa data ndani yake, na ilitegemea vituo vya kupokea mawimbi na setilaiti za kupokezana. Hata hivyo matokeo yanajulikana kwa yeyote aliyewahi kufuatilia kupungua kwa msitu wa Mau kwa picha hizo. Anazo picha za katikati ya miaka ya 1980, kisha pengo, kisha picha chache, kisha Landsat 7 inaanza kazi mwaka 1999. Pengo hilo halina duka linaloliuza. Hakuna bajeti, hata iongezwe vipi, inayoweza kuipiga picha ya mwaka 1990 leo.

Sheria ya 1992 iliurudisha mradi serikalini, bei ya picha za Landsat 7 ikashuka hadi dola 600, na mwaka 2008 picha zote zikawa bure. Kabla ya hapo, mwaka wa mauzo bora kabisa ulikuwa 2001, kwa picha zipatazo 25,000. Muda mfupi baada ya bei kuondolewa, picha zilizopakuliwa kwa mwaka zilipita milioni moja. Anayetafuta namna ya kuifanya dola ya umma ifike mbali aanze na takwimu hizo mbili, kabla ya kufungua orodha ya bei ya kampuni yoyote ya programu.

Kwa upande wa programu zenyewe, kisa cha GRASS kinafundisha mambo yasiyotarajiwa. Maabara ya utafiti ya Jeshi la Marekani huko Champaign, Illinois, ilianza kuitengeneza mwaka 1982 kwa ajili ya kusimamia ardhi za kambi zake. Katikati ya miaka ya 1990 jeshi liliacha kuiendeleza. Soko lilikuwa na bidhaa zilizotosha. Kwa mtazamo wa bajeti, uamuzi huo ulikuwa sahihi. Lakini kwa kuwa msimbo wake ulikuwa mali ya umma, vyuo vikuu viliuokota, kwanza Baylor huko Texas na baadaye Hannover nchini Ujerumani, na mwaka 1999 ikatolewa kwa leseni huria ya GPL. Leo mwanafunzi wa Morogoro au Eldoret anayefungua QGIS, programu huria ya ramani, anaweza kutumia zana za GRASS bila kulipa hata senti. Jeshi liliacha jembe, lakini halikulivunja.

Tofauti hiyo ndiyo inayokosekana katika mikataba mingi. STK iliyowaokolea wengi fedha iko chini ya mmiliki wa tatu sasa: Ansys waliinunua Analytical Graphics mwaka 2020 kwa dola milioni 700, na Synopsys wakawanunua Ansys mwaka 2025. Hakuna ofisi ya umma iliyoombwa idhini, wala haikustahili kuombwa. Duka ni mali ya mwenye duka. Kwa hiyo mteja mwenye busara huacha mlango wa kutokea. NASA inao: pamoja na kutumia bidhaa za soko, inaendeleza GMAT, programu huria ya kupanga safari za vyombo vya anga. Haishindani na STK kwa urembo wala kwa huduma kwa wateja. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba wako watumishi wa serikali wanaoijua hesabu iliyo ndani ya kisanduku, na mtu anayeijua hesabu hauziwi kwa bei yoyote ile.

Kununua picha nako kunawezekana bila kupoteza, mradi leseni iandikwe kwa upana. Septemba 2020 serikali ya Norway iliingia mkataba na kampuni za KSAT, Planet na Airbus ili picha za ukanda wa tropiki, zenye pikseli zisizofikia mita 5, zitolewe bure kwa matumizi yasiyo ya kibiashara. Maafisa misitu kutoka Kongo hadi Tanzania walipata ambacho nchi zao zisingekinunua, na Norway haikurusha chombo hata kimoja kwa ajili hiyo. Lakini mkataba ulifika ukingoni Januari 2025. Kodi ya nyumba hulipwa kwa mwezi, na mwezi huisha.

Mwaka huohuo wa 2025 Ikulu ya Marekani ilipendekeza bajeti ya NASA ishushwe kutoka takriban dola bilioni 24.8 hadi 18.8, na mpango wa Landsat Next, uliokuwa wa setilaiti tatu, ukatajwa miongoni mwa yanayopaswa kupunguzwa na kutafutiwa njia za bei nafuu. Waliotetea pendekezo hilo walizitaja kampuni zenye setilaiti ndogo nyingi angani. Hawakusema, au pengine hawakujua, kwamba kampuni hizo husahihisha rangi na mwangaza wa picha zao kwa kuzilinganisha na picha za Landsat na za Sentinel-2 ya Ulaya. Mizani ya sokoni hupimwa kwa jiwe la serikali, na jiwe hilo ndilo lililopendekezwa kupunguzwa uzito.