Hodi Mlangoni: Historia Fupi ya Kuwatembelea Wazazi Nyumbani



Mwezi Agosti mwaka 1617, katika mji mdogo wa Châtillon nchini Ufaransa, Padre Vinsenti wa Paulo aliarifiwa kabla ya Misa kwamba katika nyumba moja nje ya mji wote walikuwa wagonjwa, hakuna hata wa kumpa mwenziwe maji. Akalisema jambo hilo katika mahubiri. Baadaye, alipokwenda kuwaona, akawakuta njiani waamini wengi wakienda na kurudi, mikono imejaa vyakula. Wengi wetu tungeridhika. Yeye aliona kasoro: vyakula vile vingi vingeharibika, na baada ya siku chache jamaa ile ingerudi kwenye njaa yake. Ndipo akawakusanya wanawake wa parokia, wapokezane zamu za kuwatembelea wagonjwa majumbani mwao. Mwaka 1633, pamoja na Louise de Marillac, akaanzisha Mabinti wa Upendo, waliotumwa kwenye nyumba za maskini wakati ambapo watawa wa kike kwa desturi walikaa ndani ya kuta za monasteri.

Tumeanzia huko kwa sababu swali la Châtillon lilirudi Marekani zaidi ya miaka 350 baadaye. Safari hii halikuwahusu wagonjwa bali wazazi. Je, ziara za zamu, zenye mpango, zaweza kubadili namna mama anavyomlea mwanawe, na badiliko hilo likadumu hata mgeni akishaacha kuja?

Aliyeuliza aliitwa David Olds. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifanya kazi katika kituo cha kulelea watoto wadogo mjini Baltimore. Aliwaona watoto wa miaka mitatu, minne, ambao madhara yalikwisha kuwapata kabla hawajafika kwake: wengine tangu tumboni, kwa ulevi wa mama; wengine kwa kipigo. Akatambua kwamba yeye na kituo chake walikuwa wamechelewa. Ilimpasa mtu afike mapema zaidi, tena afike nyumbani.

Kuanzia mwaka 1978 yeye na wenzake waliandikisha wanawake 400 huko Elmira, jimbo la New York, wote wakitarajia mtoto wa kwanza. Wengi wao walikuwa wasichana chini ya miaka 19, au hawana mume, au ni maskini. Kwa kura, wengine walipewa usafiri wa bure wa kwenda kliniki, bila kutembelewa na nesi. Wengine walitembelewa na nesi hadi kujifungua. Wengine hadi mtoto alipotimiza miaka miwili. Hawa wa mwisho walipata, kwa wastani, ziara 9 wakati wa mimba na 23 baada ya kuzaa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu alikuja kwa zaidi ya miaka miwili, na jembe alikuja nalo mwenyewe.

Nesi alizungumza na mama juu ya chakula na sigara, juu ya dalili za hatari, juu ya maana ya kilio cha mtoto mchanga. Alimkaribisha bibi au baba wa mtoto akae naye asikilize. Alimuuliza mama juu ya shule aliyoiacha na kazi aliyoitamani. Walizungumza pia juu ya kupanga uzazi, na hapo Kanisa lina neno lake, wala hatulifichi. Lakini hatuwezi kuukataa mti mzima kwa sababu ya tawi moja.

Mtoto alipotimiza miaka miwili, ziara zilikoma. Watafiti hawakuondoka. Katika taarifa ya mwaka 1997, watoto wakiwa na miaka 15, akina mama waliotembelewa hadi mwisho walikuwa na ripoti 29 zilizothibitishwa za kumtesa au kumtelekeza mtoto kwa kila akina mama 100. Wale ambao hawakutembelewa walikuwa na ripoti 54. Tuwaze kidogo: nesi alikwisha kuaga miaka 13 kabla ya hesabu hiyo.

Jamaika ilileta ushuhuda wa namna nyingine, nao unatugusa zaidi kwa kuwa ni nchi isiyo tajiri. Katika miaka ya 1986 na 1987, mjini Kingston, Sally Grantham-McGregor na wenzake walichagua watoto 129 waliodumaa kwa lishe duni. Wengine walipewa kilo moja ya maziwa ya unga kila juma. Wengine walitembelewa saa moja kila juma na mhudumu wa afya wa jamii, aliyemwonyesha mama jinsi ya kucheza na kuzungumza na mtoto kwa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa makopo na mabaki ya nyumbani. Wengine walipata vyote viwili, na wengine hawakupata chochote. Yalikwenda hivyo miaka miwili. Katika taarifa ya mwaka 2014, wale waliochezewa, sasa vijana wa miaka 22, walikuwa wakipata kipato kilichozidi kwa asilimia 25 kile cha wenzao. Maziwa peke yake hayakuacha alama iliyoonekana katika kipato hicho.

Si kila mahali palipozaa hivyo. Huko Uingereza mpango wa Olds ulipimwa kwa akina mama vijana 1,645, na taarifa ya mwaka 2016 haikuona tofauti katika mambo makuu yaliyopimwa hadi mtoto kufikia miaka miwili. Huenda sababu ni kwamba kule kila mzazi tayari hutembelewa na mkunga na nesi wa serikali.

Lakini lililotugusa kuliko yote limetoka Elmira yenyewe. Katika taarifa ya mwaka 2000 watafiti walirudi kwenye daftari zao na kutazama akina mama walivyoeleza walichotendewa na wanaume waliokuwa nao. Katika nyumba zenye ukatili mdogo au zisizo nao, ziara ziliwakinga watoto. Katika nyumba ambamo mama alitaja zaidi ya matukio 28 ya ukatili katika miaka ile 15, kinga haikuonekana tena. Mpango uleule wa ziara, mafundisho yaleyale ya kumbeba mtoto na kumsikiliza. Mlangoni alifungua mama, na mazungumzo zaidi yalikuwa na mama.