Spika Zinamtazama Nani? Kutoka Vugiri 1935 Hadi Sebule za Korogwe na Handeni

Wadau, kuna mzaha mmoja tunaoupenda sana sisi tuliosoma tukahamia Dar. Unamhusu mtu wa mkoani aliyenunua homu thieta. Anafungua boksi, anatoa spika tano na sabufa, halafu zote anazipanga mbele: mbili kulia kwa televisheni, mbili kushoto, ya tano juu ya deki. Au, mbaya zaidi, mbili anazitoa barazani. Tunacheka mpaka basi. Jamaa hajui kwamba spika za nyuma hukaa nyuma!

Mimi mzaha huu umeanza kunikera. Kazi yangu imenipitisha sana Korogwe na Handeni, nimekaribishwa kwenye sebule nyingi, Manundu, Chanika, Mkata, na upangaji huo nimeuona mara nyingi mno hata nikaacha kuamini kwamba ni ujinga. Watu wengi wakikosea kwa namna moja ileile, huenda hawajakosea. Nikaanza kuuliza: katika wilaya hizi mbili, spika ilianzia wapi, na ilikuwa ikimtazama nani?

Jibu lilinipandisha mlimani.

Ukitoka Korogwe kuelekea juu, Usambara, utafika Vugiri. Baridi yake unaijua kama umewahi kulala huko bila blanketi la pili. Mwaka 1935 hapo Vugiri, mahali ambapo leo ukitaja sinema watu watakuelekeza Tanga mjini, paliwekwa makao makuu ya mradi wa filamu ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Fedha zilitoka hasa kwa Carnegie Corporation ya New York, mradi wenyewe ukiwa chini ya Baraza la Kimataifa la Misheni. Msimamizi wa kazi alikuwa Mwingereza, Meja L. A. Notcutt, na upande wa elimu alikuwepo G. C. Latham. Hadi mwaka 1937 walipofunga virago walikuwa wametengeneza filamu 35. Ndiyo, thelathini na tano, Korogwe, kabla hata Vita Kuu ya Pili haijaanza.

Zilihusu nini? Kodi, akiba ya posta, ugonjwa wa safura, mmomonyoko wa udongo. Mambo ambayo serikali ya kikoloni ilitaka Mwafrika ayajue na ayatii. Tusiwapambe mno hawa mabwana: waliamini kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata picha zinazokwenda haraka, kwa hiyo filamu zikatengenezwa za polepole kama somo la darasa la kwanza. Lakini kwa mambo ya sauti walikuwa wabunifu kweli kweli, na sauti ndiyo habari yetu leo.

Mkanda wao wa milimita 16 ulikuwa bubu. Maneno waliyarekodi pembeni, kwenye santuri, na siku ya maonyesho santuri ikazungushwa sambamba na picha. Uzuri wake ni kwamba picha moja inaweza kusema lugha nyingi. Ukiwa kwa Waswahili unaweka santuri ya Kiswahili, ukivuka kwenda kwa watu wa lugha nyingine unabadilisha santuri tu. Ubaya wake ni kwamba sindano ikiruka kidogo, au fundi akiwahi sekunde chache, mdomo unakwenda kivyake na maneno kivyake. Aliyewahi kutazama CD feki ya mtaani anaijua adha hiyo.

Halafu gari likaondoka. Lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini likiwa na mashine ya kuonyeshea picha na vipaza sauti, na makumi ya maelfu ya watu wakakusanyika usiku kutazama. Hawakukusanyika ukumbini. Walikusanyika uwanjani, chini ya nyota. Hebu waza spika ilikaaje: mbele, karibu na pazia la picha, ikiwatazama watu wote kwa pamoja. Kulikuwa hakuna kulia wala kushoto wala nyuma. Kulikuwa na sauti moja kubwa, na kazi yake ilikuwa kumfikia mtu wa mwisho aliyesimama gizani.

Mwaka 1937 serikali za kikoloni za Afrika Mashariki zilikataa kuubeba mradi na ukafa. Katika zile 35, ni filamu tatu tu zinazojulikana kubaki, zipo Uingereza katika hifadhi ya British Film Institute. Moja inaonyesha ugonjwa wa safura. Vugiri imerudi kimya.

Baada ya hapo ikaja redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikakua ikawa shirika la utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD ile ya babu zetu. Kwa watu wa Korogwe miaka hiyo maana yake ni mkonge: Ngombezi, Magunga, Mazinde, Hale, kambi zilizojaa watu waliotoka kila kona ya nchi kutafuta kazi. Redio ilikuwa mali ya mmoja, lakini kusikiliza ilikuwa haki ya kambi nzima. Ukiwa na redio ukaifungia ndani, majirani walikuwa na jina la kukuita.

Hapa pana jambo linalonichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Mwaka 1964 kituo cha umeme cha Hale kilianza kazi, megawati 21 kutoka maji ya Mto Pangani. Hale iko Korogwe. Umeme ule ulisafiri kwenye nguzo ndefu kwenda Tanga na Dar es Salaam, ukipita juu ya vijiji ambavyo chini yake watu walikuwa wakianika betri juani ili zisogee siku mbili zaidi. Maji yetu, mitambo kwetu, na taarifa ya habari kwa betri ya National iliyochoka! Miaka mingi baadaye, mwaka 2007, Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ndiyo ulianza kazi ya kuzishusha zile nyaya kwa wanavijiji.

Upande wa Handeni nako, ambako vijiji vya ujamaa vilisukumwa mapema, redio ilipewa kazi rasmi ya kukusanya watu. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya nchi nzima. Vikundi vilikutana, vikasikiliza kipindi cha RTD kwa pamoja, vikajadili, kisha watu wakaenda kuchimba vyoo. Walioshiriki wanakadiriwa kufika watu wazima milioni 2. Kikundi kizima, redio moja ndogo, katikati. Mzee aliyekaa katika duara lile ana elimu ya kupanga spika ambayo haimo kwenye kijitabu chochote cha maelekezo.

Televisheni? Bara tuliisubiri sana. Zanzibar walianza yao, ya rangi, miaka ya mwanzo ya 1970, na sisi tukakaa miaka ishirini hivi mpaka 1994 vituo binafsi kama ITV vilipofungua njia. Kabla ya hapo, baada ya bajeti ya 1984 kuruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na hasa enzi za Mzee Ruksa, deki za video zilianza kuingia. Ndipo vikazaliwa vibanda vya video. Viingilio vya shilingi chache, benchi za mbao, magunia dirishani ya kuzuia mwanga, na spika moja nje.

Spika ya nje ndiyo iliyokuwa tangazo. Milio ya ngumi za Kichina ilitoka mpaka stendi, na mtoto aliyetumwa chumvi alisahau chumvi. Baadaye wakaja watafsiri, maarufu kuliko wote akiwa Derek Mukandala wa Dar es Salaam, ambaye mtaani alijulikana kwa jina la Lufufu. Picha ya Kichina au ya Kihindi, sauti ya Kiswahili juu yake. Ukitazama vizuri, ni ile santuri ya Vugiri imerudi, ila safari hii msemaji hatumwi na mtu kukufundisha kulipa kodi. Anakuchekesha, anamtukana adui wa stelingi, anaongeza chumvi yake.

Sasa homu thieta yenyewe. Mfumo wa Dolby Digital uliingia kumbi za sinema mwaka 1992, DVD ikaanza kuuzwa Japani mwaka 1996, na miaka ya 2000 seti za bei nafuu kutoka China zikajaa Kariakoo, na kutoka Kariakoo zikapanda basi hadi Korogwe. Kanuni ya kupanga spika tano ipo, imeandikwa na ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano: ya katikati mbele yako kabisa, mbili za mbele nyuzi 30 kila upande, mbili za nyuma kama nyuzi 110, zote zikimwelekea msikilizaji.

Msikilizaji mmoja. Hapo ndipo penye tatizo. Kanuni ile inaamini kuna mtu amekaa katikati ya chumba, mlango umefungwa. Nenda sebule yoyote ya Manundu utazame nani amekaa katikati. Ni meza, na kitambaa chake cha kufuma. Watu wako kwenye makochi, na makochi yameegemea kuta tatu kwa sababu mgeni akija lazima apate pa kukaa na uso wake uonekane. Hiyo spika ya nyuma uiweke wapi, kwenye kisogo cha shemeji? Utamsumbua, atasikia yeye peke yake risasi zikipita.

Tena risasi zenyewe zitatoka wapi? Bongo muvi za enzi zile, za kina Kanumba, tulizinunua zaidi kwenye VCD, na VCD ina njia mbili tu za sauti, kulia na kushoto. Ukiwa na spika tano, mashine inagawa kilekile kidogo kilichopo au inaziacha za nyuma zinanong'ona. Mtu aliyezirudisha mbele amefanya hesabu kwa masikio yake na amepata jibu sahihi.

Ambapo tunakosea kweli ni kwenye sabufa. Tunaisukumiza konani, juu ya sakafu ya simenti, kati ya kuta mbili za tofali, halafu tunashangaa kila nyimbo inalia bum, bum ya aina moja. Chumba chenye urefu wa mita 4 kina mlio wake kinaoupenda, mawimbi kama 43 kwa sekunde. Mlio huo ukigonga unaongezeka wenyewe, na kona ndiyo inauchochea zaidi. Nyumba za zamani za miti na udongo hazikuwa na makali hayo, kuta zake hazirudishi sauti kama simenti. Dawa ni rahisi na haina gharama: iweke sabufa kwenye kochi unalokaa, piga nyimbo yenye besi, kisha tembea chumbani ukiwa umeinama mpaka upate mahali ambapo besi inasikika safi. Hapo ndipo pa kuiweka. Majirani watakuona dirishani unatambaa, usijali. Tandika zulia zito, na spika ya katikati usiizike chini ya meza, maana karibu maneno yote ya filamu hupita humo. Mvua ikinyesha juu ya bati lisilo na dari, zima kila kitu. Hiyo huishindi.

Lakini kuna jambo limebadilika na watetezi wa spika za barazani, mimi nikiwamo, hatuwezi kulikwepa. Spika kutazama nje ilikuwa ukarimu pale ambapo mtaa mzima ulikuwa na chombo kimoja. Leo Chanika kila nyumba ya tatu ina sabufa yake. Tangu kuzimwa kwa mitambo ya analojia mwaka 2013, ving'amuzi viko kila mahali. Spika saba zikitazamana uwanjani, kila moja na nyimbo yake, hakuna anayekaribishwa popote. Yuko mama aliyetoka zamu ya usiku hospitali anataka kulala. Yuko mtoto wa kidato cha nne na mtihani wake. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inaigusa kelele, ila nani atampeleka jirani yake mahakamani?

Njia nyingine ndiyo hii inayokuja na nyumba mpya za pembeni ya lami ya Korogwe hadi Handeni: dari ya jipsamu, madirisha ya alumini, ukuta wa kuzunguka, spika za nyuma zimetundikwa nyuma inavyotakiwa. Sauti ni tamu, sikatai. Na watoto waliokuwa wakisimama dirishani kutazama hawapo, kwa sababu dirisha halifikiki.

Fundi mmoja wa Manundu ana ufumbuzi wake. Anapofunga homu thieta, zile spika mbili za nyuma anaziweka mahali pake, nyuma ya kochi, lakini haukati waya. Anaacha mita kumi zimeviringishwa nyuma ya kabati. Nilipomuuliza za nini, akanitazama kama mtu aliyeulizwa maji ni ya nini.

"Simba na Yanga je, kaka?"