Kwapani mwa Nyanya

Shosho alikuja kuniona Ruiru Jumapili moja. Kabla hata chai haijachemka, alikuwa ashatoka kwa balkoni, ambapo nina mitungi minne ya nyanya aina ya Moneymaker. Niliposikia vitu vikivunjika, nilikimbia. Alikuwa anang'oa matawi kwa vidole viwili, moja baada ya lingine, bila hata kuangalia.

"Shosho, unaniulia nyanya!"

"Hawa ni wezi," akasema. "Wanakula na hawazai."

Kusema kweli huzaa, lakini kwa gharama. Machipukizi hayo hutokea kwapani, pale jani linapokutana na shina. Ukiyaacha, kila moja linataka kuwa shina lake. Kwa mtungi wa lita ishirini chakula hakitoshi wote, majani yanasongamana, hewa haipiti, magonjwa yanaingia, na nyanya zinabaki kama gololi. Unayavunja yakiwa bado na urefu wa kidole, asubuhi, ili kidonda kikauke mchana. Hii ni kwa nyanya ndefu zinazofungwa kwa kamba. Baadaye nilijaribu hivyo kwa Cal J, ile fupi, na nikavuna mbili tu.

Nikamuuliza ni nani alimfundisha. Nilidhani atasema mamake.

"Kahawa," akajibu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa msichana wa kama miaka kumi na miwili, alifanya kibarua kwa shamba la mzungu kati ya Ruiru na Thika. Sisi tukisikia kibarua cha kahawa tunafikiria kuchuma na kulipwa kwa debe. Lakini kahawa haiivi mwaka mzima. Miezi mingine walipita mstari kwa mstari wakitoa machipukizi, nyapara nyuma yao. Ukiruka moja, unarudishwa mwanzo wa mstari. Ndiyo maana mkono wake hauhitaji macho.

Na mti huo aliokuwa akiutunza, babake hakuwa na ruhusa ya kuupanda. Wakati wa ukoloni kahawa ililimwa kwa leseni, na Mwafrika hakupewa. Miaka ya 1930 serikali ililegeza kidogo Kisii, Embu na Meru. Watu wa Kiambu na Murang'a, waliokuwa wamezungukwa na kahawa pande zote, walingoja hadi miaka ya 1950. Walowezi walisema Mwafrika ataleta magonjwa na kuharibu ubora. Sababu nyingine iko wazi: mwenye kahawa yake haji kukuchumia yako. Tayari Harry Thuku alikuwa amepinga wanawake na wasichana kulazimishwa kufanya kazi kwa mashamba hayo. Alikamatwa Machi 1922, na watu waliokuja kudai aachiliwe walipigwa risasi katikati ya Nairobi.

Leseni ilipokuja, babake alipanda. Uhuru ukaja, bei ikapanda, watoto wakasomeshwa. Kisha mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ya kahawa ukavunjika. Sheria ilikataza kung'oa miti ya kahawa bila kibali, kwa hivyo wengi hawakuing'oa. Waliiacha tu, wakapanda maharagwe na nyanya katikati. Hapo ndipo vidole vya shosho vilipohamia kwa nyanya.

Siku hizi yeye ana kiploti Landless, kule Thika. Ndiyo, mtaa unaitwa hivyo. Mimi ninalipa rent Ruiru, mji uliotoa aina ya kahawa inayoitwa Ruiru 11 mwaka 1985, na ambao kwa watu wa rika langu maana yake ni maghorofa na jam ya superhighway. Mashamba mengi ya kahawa yaliyokuwa hapa yameuzwa yakawa mitaa. Labda hata balkoni yangu inaning'inia juu ya mstari aliorudishwa kuanza upya.

Matawi aliyovunja hakuyatupa. Aliomba mkebe wa Kasuku, akatia maji, akayasimamisha ndani. "Yatatoa mizizi."

"Na kule kwa mzungu, mlikuwa mnabeba machipukizi nyumbani?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Kijiti cha kahawa? Wakikupata nacho, utasema unapeleka wapi?"

Baada ya wiki moja hivi yalikuwa na mizizi kweli. Sasa nina mitungi saba, na mmoja nimempelekea Landless.