Kuziba grili huokoa petroli, lakini mlima una masharti yake

MADEREVA wanaotaka kupunguza gharama ya petroli hupenda kuuchezea mfumo wa kupoza injini, na mara nyingi huanzia pasipofaa: themostati.

Kifaa hicho kidogo huzuia maji yasiende kwenye rejeta hadi yapate joto la takriban nyuzi 82 au 88 za Selsiasi, kutegemea aina ya gari. Makanika wengi hukitoa na kukitupa, wakidai kwamba hakihitajiki katika nchi yenye joto. Dai hilo ni dhaifu. Injini isiyopata joto la kutosha hunywa mafuta zaidi, kwani kompyuta yake hudhani kwamba gari ndiyo kwanza limewashwa, nayo ikaongeza petroli. Oili hubaki nzito na silinda huchakaa mapema. Isitoshe, katika injini kadhaa, hasa za kutoka Japani, themostati hiyo hiyo ndiyo hufunga njia ya mkato ya maji. Ikitolewa, sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupitia rejeta, na gari lililokusudiwa kupoa huchemka.

Njia yenye mantiki zaidi ni kuziba sehemu ya grili. Hewa inayoingia hapo huvurugika chini ya boneti na kulizuia gari. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi. Kasi ikiongezeka maradufu, ukinzani huwa mara nne. Ndiyo sababu faida huonekana katika barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, wala si katika msongamano wa magari mjini. Watengenezaji nao wanalitambua hilo: Chevrolet Cruze Eco ya mwaka wa 2011 iliundwa na vibao vya grili vinavyojifunga gari linapokimbia na kujifungua injini inapohitaji hewa.

Kipande cha plastiki kilichofungwa kwa waya hakina akili hiyo. Aanzaye na azibe kidogo, upande usioelekeana na rejeta, kisha achunguze. Feni ikisikika ikizunguka kila mara gari likiwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ameziba kupita kiasi. Na umeme wa feni hutokana na petroli ile ile anayojaribu kuiokoa. Mshale wa dashibodi hautoshi kuwa shahidi, kwa kuwa katika magari mengi hutulia katikati hata joto likibadilika kwa nyuzi kadhaa. Afadhali kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, ambacho huonyesha joto lenyewe kwa tarakimu.

Mwinuko wa nchi nao una lake. Jijini Nairobi maji ya kawaida huchemka kwa takriban nyuzi 94, si 100. Kinachoyazuia kuchemka ndani ya injini ni shinikizo linalohifadhiwa na mfuniko wa rejeta, hivyo mfuniko uliolegea ni hatari kuliko grili iliyozibwa. Maji yachanganywe na dawa ya rejeta. Ya kisima chenye chumvi huacha ukoko.

Kabla ya kupanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru na mzigo, kizibo kiondolewe. Joto likizidi njiani, dereva azime kiyoyozi, afungulie hita kwa nguvu zote, kisha asimame mahali salama. Mfuniko usiguswe hadi injini ipoe, kwani mvuke wake huunguza uso na mikono.